Gaiser na Upande wa Dirisha

Eberhard Gaiser hajui kuomba msamaha. Anajua kunoa visu, anajua kurekebisha saa, anapika dengu na soseji mpaka ukalamba sahani, lakini neno "nisamehe" linamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Na mtu asije akaniambia eti ndivyo tulivyo Waswabia wote wa Tübingen, huku kusini mwa Ujerumani. Mimi ni Mswabia, nimezaliwa hapahapa kando ya mto Neckar, na mdomo ninao. Nikikukosea nitakwambia, tena kwa sauti.

Tunakaa nyumba moja. Yeye chini, mimi Mechthild Rösch ghorofa ya kati, na kule darini hukaa mpangaji yeyote anayevumilia baridi. Kazini pia tuko pamoja, katika taasisi moja kule mlimani. Mimi naosha vyombo vya kioo. Yeye anakata macho ya vifaranga. Usinikunjie uso! Ni vifaranga ambavyo bado vimo ndani ya yai, vidogo, kichwa chote ni macho tu.

Nieleze kidogo, maana bila hili hutaelewa kwa nini mtu mzima alitaka ardhi immeze. Jicho linapoumbwa huota nyuzi za neva, nyembamba mno, zinatoka nyuma ya jicho kwenda kutafuta mahali pake kwenye ubongo. Ndizo zitakazotupa kuona, na zenyewe zinakwenda gizani. Kila uzi una ncha kama kiganja kidogo. Unapapasa, unasogea, unapapasa tena. Uliotoka upande wa mdomo wa kifaranga una mahali pake ubongoni, uliotoka upande wa kisogo una pake, na haziingiliani. Uzi unajuaje njia? Swali hilo ndilo lililotuweka mjini watu wote pale mlimani, mimi na sabuni yangu nikiwemo.

Profesa wetu, Lindental, alikuwa akitandaza kwenye kioo zulia la milia. Mlia mmoja umetengenezwa kwa ngozi za seli za mbele ya ubongo wa kuona, unaofuata kwa ngozi za seli za nyuma, halafu mbele tena, halafu nyuma, kila mlia upana wa unywele. Pembeni panawekwa ukanda mdogo wa retina, ule utando wa ndani ya jicho, na nyuzi zinaachwa ziote. Za upande wa kisogo huchagua. Zikigusa mlia wa nyuma zinanywea na kujivuta, zinahamia milia ya mbele. Za upande wa mdomo hazina habari, zinatembea popote. Ukichungulia kwenye hadubini unaona nusu ya ukanda imetoa mistari iliyonyooka kama matuta ya viazi, na nusu ya pili ni vurugu tupu. Ilikuwa hivyo kila mara, mwaka nenda mwaka rudi.

Sasa retina ukishaitandaza kwenye karatasi yake nyeusi, kabla haijakatwa kanda, ni duara tu. Haina mdomo, haina kisogo. Anayejua upande ni yule aliyeitoa kichwani, na huyo ni Gaiser. Alikuwa akikata kona ya karatasi kwa mkasi, kona ya upande wa mdomo, na kila mtu baada yake aliitegemea kona ile kufa na kupona. Baba yake alikuwa fundi wa mizani kule Onstmettingen, mizani ya kupimia dhahabu na dawa, na Gaiser alikua akisikia kwamba mkono unaotetemeka ni mkono wa mwongo. Hakuoa. Hakunywa. Alikata kona. Ukimuuliza kama ana hakika alikutazama kana kwamba umeuliza kama leo amevaa suruali.

Basi akaja Wiebke Thomsen kutoka Husum, kaskazini kabisa, kwenye bahari ya kijivu na watu warefu. Alikuja kusomea shahada yake ya udaktari kwa Lindental, na kwa kuwa vyumba ni vya shida akapanga kule darini kwetu. Msichana mcheshi, mwenye miguu mirefu na sauti ya kuita ng'ombe. Nilimpenda. Ila ufagio hakuuelewa.

Kwetu ngazi zina zamu. Kibao cha mbao kinaning'inia mlangoni kwako. Wiki hiyo ngazi ni zako, njia ya mbele ni yako, mapipa ya taka ni yako. Ukimaliza Jumamosi unakitundika mlango wa jirani. Wiebke alipotundikiwa kibao mara ya kwanza alidhani ni pambo la kumkaribisha. Kikakaa mlangoni kwake, na yeye yuko kwenye hadubini, na ngazi zikaota manyoya ya vumbi. Gaiser hakumwambia kitu. Alipopita alikohoa tu. Alikohoa wiki nzima, mpaka nikapanda mwenyewe kumwonyesha msichana ufagio ulipo.

"Kumbe! Na yeye kwa nini asiniambie?" aliuliza.

"Amekwambia. Hukumsikia akikohoa?"

Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Baada ya hapo alifagia kila zamu yake, vibaya, lakini alifagia.

Vuli ile paa la taasisi likavuja upande wa mashariki, na Gaiser akahamishiwa chumba cha ng'ambo ya ukumbi. Alibeba meza yake, taa yake, mkasi wake, akavipanga vilevile, na kazi ikaendelea. Hakuna aliyelifikiria tena. Lakini tangu hapo majaribio ya Wiebke yakaanza kuja kinyume. Nyuzi za upande wa mdomo zikawa ndizo zinazochagua, na za kisogo ndizo zinazozurura. Mwanzoni Lindental alifurahi, akadhani kuna jambo jipya. Kisha akawa na wasiwasi. Kisha akachoka. Majira ya baridi yote msichana alirudia, akarudia, macho yakamwiva, na kila mara kinyume.

Siku moja alithubutu kumuuliza Gaiser. Nilikuwepo, nakusanya vioo.

"Bwana Gaiser, samahani, kona ya karatasi... una hakika nayo?"

"Bi Thomsen," alisema Gaiser bila kuinua kichwa, "nilikuwa nakata kona hizi wewe ungali unanyonya."

Msichana akatoka. Na ingeishia hapo. Lakini asubuhi moja wakati wa kahawa, watu wote wameketi na mikate yao ya siagi, Lindental akauliza kwa sauti ya uchovu ni nani jamani anayezigeuza kanda hizi. Gaiser, ambaye kwenye kahawa huwa hasemi kitu, siku hiyo akasema.

"Asiyekumbuka zamu yake ya ufagio, atakumbuka wapi mdomo na wapi kisogo?"

Walicheka! Wanafunzi walipiga meza. Lindental mwenyewe ilibidi aweke kikombe chini. Gaiser hajawahi kuchekesha watu maishani mwake, na nilimwona akivimba kifua kidogo, akapangusa masharubu. Wiebke alikuwa ameshika mkate wake. Akaurudisha kwenye sahani, akasema anakwenda kuangalia mayai.

Kuanzia siku hiyo wanafunzi walimwita Bi Kisogo. "Bi Kisogo, mlango uko upande huu!" "Bi Kisogo, kijiko kinashikwa mwisho upi?" Alikuwa anacheka nao, kile kicheko cha mtu anayeogopa kulia. Na mwisho wa Februari Lindental akatangaza kwamba Jumatatu kutakuwa na kikao kuhusu kazi ya Bi Thomsen. Kila mtu alijua maana yake. Kazi angepewa mwingine, na yeye arudi Husum mikono mitupu, na jina la mtu asiyejua kushika kitu libaki nyuma yake.

Wiki hiyohiyo wapaka rangi wakaingia chumba kipya cha Gaiser. Paa lilikuwa limeshazibwa, wakamrudisha chumba chake cha zamani kwa siku chache. Akakata kule. Ijumaa mchana Wiebke akatoka kwenye chumba cha hadubini akikimbia. "Zimerudi! Za kisogo zinachagua! Njooni mwone!"

Walikuja, wakachungulia mmoja mmoja. Mistari imenyooka, safi, upande unaotakiwa. Mwanafunzi mmoja akapaza sauti, "Bi Kisogo kapona!" wakampigia makofi ya kejeli. Lindental akavua miwani, akasema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele, "Unaona, Bi Thomsen. Mtu akiwa makini, inawezekana." Yaani sasa ndiyo amejichongea. Alipopatia, ikawa ushahidi kwamba miezi yote alikuwa mzembe.

Gaiser alikuwa amesimama mlangoni. Sikumwangalia usoni, nilikuwa na hasira zangu. Lakini baadaye kidogo akaja chumba changu cha kuoshea, akafunga mlango nyuma yake. Uso ulikuwa kama unga.

"Bi Rösch, simama hapa." Akaniweka mbele ya beseni, dirisha likiwa mkono wangu wa kushoto. Akachukua kikombe cha yai, akakilaza mbele yangu. "Hiki ni kichwa. Mdomo nauelekeza kushoto. Siku zote kushoto. Na kona naikata wapi?"

"Mimi nitajuaje?"

"Upande wa dirisha." Alisema kwa sauti ndogo sana. "Sijawahi kufikiria mdomo. Mkono wangu unakata upande wa dirisha. Kule chumba cha zamani dirisha liko kushoto, mdomo uko kushoto. Sasa geuka."

Nikageuka, dirisha likawa kulia. Kikombe akakilaza vilevile, mdomo kushoto. Kisha akanyoosha vidole viwili kama mkasi, na vidole vikaenda vyenyewe kulia, kwenye mwanga. Kisogoni.

"Mungu wangu, Gaiser," nikasema. "Majira yote ya baridi?"

"Kila ukanda."

"Na yeye alikuuliza."

"Aliniuliza." Akakaa kwenye ndoo yangu iliyopinduliwa. "Nikamjibu vile."

Sikumhurumia, nisiseme uongo. Nilimwambia, "Basi inuka, nenda kamwambie sasa hivi. Halafu mwambie Lindental." Akaitikia kwa kichwa. "Nitalitengeneza," akasema. Nilimwona akitembea ukumbini hadi mlango wa Wiebke, akasimama, akanyoosha koti. Akasimama tena. Kisha akashuka ngazi akaenda zake nyumbani.

Jumamosi asubuhi nikaamshwa na harufu ya nta. Nikafungua mlango. Gaiser alikuwa amepiga magoti kwenye ngazi za juu, zile za darini, anasugua. Wiki ile haikuwa zamu yake, kibao kilikuwa cha Wiebke. Yeye alikuwa amekitoa mlangoni kwa msichana, amekitia chini ya kwapa, na ameshafagia ngazi zote, amepiga nta, ametoa mapipa, amekung'uta hata kizulia cha mlango wa msichana na kuzipanga buti zake sambamba.

Nikaelewa mara moja, na ndiyo maana nilitaka kumrushia kiatu. Kwetu mtu akikufanyia zamu yako bila neno, amekwambia neno kubwa. Baba yangu alimpasulia jirani kuni kutwa nzima kwa sababu ya matusi aliyomtukana, na jirani akaelewa. Lakini huyu ni msichana wa Husum!

Wiebke akafungua mlango, ufagio mkononi, nywele hazijachanwa. Akatazama ngazi zinazong'aa. Akatazama kibao chini ya kwapa la Gaiser.

"Nini hiki?"

Gaiser akainuka polepole, magoti yakilia. "Nimefagia," akasema.

"Naona umefagia. Ni zamu yangu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo na kufagia pia siwezi?" Sauti ikampanda. "Kule umewachekesha watu wote kwa mgongo wangu, sasa hata huku nyumbani unanifuata? Hukutosheka? Njoo basi, ingia na ndani! Fagia na kitanda changu! Waambie Jumatatu ulikuta vumbi kiasi gani!"

Sasa ndipo pa kusema, Gaiser. Sasa! Alifungua mdomo. Shingo ikawa nyekundu, masikio mekundu, mpaka kwenye upara. Kilichotoka ni kikohozi. Mlango ukafungwa kwa kishindo, na yeye akashuka akipita mbele yangu bila kuniona, kibao bado kwapani.

Nilimpandia Wiebke na chai. Alikuwa anafunga mabuku kwa kamba. "Sitangoja waniambie," alisema. "Jumatatu nitasimama mimi kwanza niseme naondoka. Angalau hilo nilifanye mwenyewe, Bi Rösch." Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Ningeweza kumwambia palepale. Lakini nilijua yakitoka kwangu yatakuwa umbea wa mwosha vioo, na Gaiser atapata pa kujificha. Nikashuka hadi chini, nikaupiga mlango wake kwa ngumi.

Alikuwa ameketi jikoni, koti mwilini, kibao mezani mbele yake.

"Ulidhani ufagio una mdomo?" nikamwuliza. "Msichana anafunga mizigo! Anadhani umemtukana mara ya pili!"

"Nilisafisha mpaka chini ya buti zake," akasema.

"Buti! Nani kakuuliza habari za buti? Ulimwaibisha mbele ya watu, halafu unataka kumwomba radhi kwenye ngazi mnapoonana wawili tu?"

Akafunika uso kwa mikono, ile mikono isiyotetemeka, na ilikuwa inatetemeka. "Naona aibu, Mechthild," akasema. Miaka yote tuliyokaa nyumba ile hajawahi kuniita kwa jina langu. "Naona aibu mpaka siwezi kujitazama nikinyoa. Si kwa ajili ya kona. Kona ni kosa, mtu hukosea. Ni kwa vile walipocheka nilifurahi."

Nikamwacha na kibao chake.

Jumatatu niliingia kwenye kikao na toroli ya glasi za maji zisizohitajika na mtu. Wiebke alikuwa ameshasimama, amevaa gauni zuri, amejishikilia kwenye kiti. "Kabla hamjaanza," alisema, "nataka kuwaambia kwamba..."

"Kaa chini," akasema Gaiser.

Watu wote wakageuka. Alikuwa ameketi nyuma kabisa. Akainuka, mkasi wake mdogo mkononi, sijui kwa nini aliubeba. "Samahani. Kaa chini, Bi Thomsen, tafadhali. Kona... kona nilikata mimi kinyume. Tangu chumba kipya. Nilikuwa nakata upande wa dirisha. Kanda zote za baridi hii, geuzeni. Geuzeni mdomo uwe kisogo. Mtaona zote ziko sawa. Yeye hakukosea hata moja."

Lindental akawa wa kwanza kusema, na akataka kumwokoa, maana anampenda. "Ahaa, basi, Gaiser, jambo dogo, kuhama hama huku. Tutalizungumza ofisini kwangu, mimi na wewe. Hakuna haja ya..."

Nikamwona Gaiser akikunja magoti. Haki ya Mungu, alianza kukaa. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa kwa ajili yake, angetoka msafi kabisa. Nikasukuma toroli kidogo, glasi zikalia. Hakunitazama, lakini akanyooka tena.

"Haja ipo," akasema. "Aliniuliza kuhusu kona, nikamdharau. Kisha pale kwenye kahawa nikasema asiyekumbuka zamu yake hatakumbuka mdomo na kisogo. Mlicheka wote. Na mimi nilifurahi mlipocheka." Alikuwa anaangalia sakafu, jasho linamtoka. "Asiyejua mdomo na kisogo ni mimi. Kama mnataka kucheka, chekeni sasa."

Hakucheka mtu. Wale wanafunzi wa Bi Kisogo walikuwa wanakagua kucha zao. Nadhani wangecheka ingemsaidia. Akabaki amesimama pale, mtu mzima, mwekundu mpaka kwenye upara, mkasi mkononi, na hakuna aliyejua kumwambia akae. Nilitamani kuwa mahali pengine.

Wiebke ndiye aliyesema. Hakumkimbilia, hakulia, wala hakumwambia hamna neno, kwa sababu neno lilikuwepo.

"Bwana Gaiser," alisema, "kibao changu kiko wapi?"

"Kiko mezani kwangu."

"Nirudishie. Nitafagia mwenyewe."

Lindental akaanza kuelewa baada yangu, maana profesa hakai nyumbani kwetu. Anayefagia haondoki. Jioni hiyo kibao kilikuwa kimeshatundikwa kwenye mlango wa darini, kimepangwa sawa kabisa.

Alibaki, akamaliza udaktari wake, na zile kanda za baridi, baada ya kugeuzwa, zilimtosha kabisa. Gaiser alikunywa kahawa yake kwangu, kwenye chumba cha kuoshea, mpaka kiangazi, kwa sababu kule kwa wengine hakuweza kuinua macho. Sikumfukuza, wala sikumliwaza.

Ila ninachokikumbuka zaidi ni Jumamosi ile iliyofuata. Wiebke alifagia ngazi tangu darini, akiimba kwa ile sauti ya kuita ng'ombe, haraka haraka, pembe zote ameziacha. Vumbi limekaa kwenye kila ngazi kama sukari ya unga juu ya keki, na mlangoni kwa Gaiser ameacha kirundo kizima na jani kavu juu yake. Nilisimama kwenye mlango wangu kusubiri. Gaiser akatoka na kikapu chake cha sokoni. Akakiona kirundo. Nilimwona akilitazama lile jani, na mkono ukaanza kwenda chini wenyewe, kama ulivyozoea. Akaurudisha mfukoni. Akaruka kirundo kwa uangalifu, kisha akainua kichwa kuelekea juu.

"Asante kwa ngazi, Bi Thomsen," akasema, na hakukohoa.